Uzi: New Zealand ibadilishwe jina iwe Aotearoa? Tuijadili kwa sheria, historia na taratibu

#1 Mwanaramani (mleta mada)

Wakuu, mada hii kila ikiguswa huishia kwenye mipasho. Huyu anasema ukoloni uondoke, yule anauliza gharama atalipa nani, basi uzi unafungwa. Safari hii naomba tuweke taarifa mezani kwanza.

Hali ilivyo: tarehe 14 Septemba 2021, katika wiki ya lugha ya Kimaori (lugha ya wenyeji wa asili), chama cha Te Pāti Māori kupitia viongozi wenza wake Rawiri Waititi na Debbie Ngarewa-Packer kilianza kukusanya sahihi. Kilitaka Bunge libadilishe jina la nchi liwe Aotearoa, na majina ya Kimaori ya miji na mahali pote yarejeshwe ifikapo 2026. Mwaka 2022 ombi lilifikishwa bungeni likiwa na sahihi zaidi ya 70,000.

Mnaona pale ndani kuna mambo mawili. Jina la mji, mlima au mto lina bodi yake na utaratibu wake. Jina la nchi halimo kwenye mamlaka ya bodi hiyo, ni la Bunge. Mtu akiyachanganya haya mawili, hoja yake inayumba tangu mwanzo, na nusu ya mabishano niliyoyasoma yameyumbia hapo hapo.

Msimamo wangu nauweka wazi: kisheria kubadilisha jina la nchi ile ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kazi kubwa ni kukubaliana kwamba Aotearoa ni jina la nchi nzima, si la kisiwa kimoja. Karibuni.

#2 Dira_na_Tanga

Nianze na jina la sasa, maana wengi wanaamini lilitolewa na mtu aliyeigundua nchi. Abel Tasman alifika Desemba 1642 akiwa ametumwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, na akaiita Staten Landt. Alidhani huenda ni sehemu ya nchi nyingine iliyokuwa na jina hilo hilo, kule chini kabisa ya Amerika Kusini. Watu wake walitia nanga kwenye ghuba ambayo leo inaitwa Golden Bay, Wamaori wa Ngāti Tūmatakōkiri wakaishambulia mashua yao, mabaharia wanne wakafa. Tasman akang'oa nanga, akaiita Ghuba ya Wauaji, na hakuwahi kushuka nchi kavu.

Mwaka 1643 Hendrik Brouwer akabaini kwamba ile Staten Landt ya Amerika ni kisiwa tu. Basi jina la Tasman likakosa maana, wachora ramani wa Kiholanzi wakaweka Nova Zeelandia kwa heshima ya jimbo lao la Zeeland. James Cook alipofika 1769 akalichukua kwa Kiingereza, likakaa.

Kwa hiyo anayesema "jina la kihistoria lisiguswe" ajue historia yenyewe: limewekwa na watu waliokaa na ramani Uholanzi, wala si na Waingereza waliokuja kutawala.

#3 Kifaru_Mweupe

Vizuri mkuu, lakini upande wa pili nao tuuseme. Azimio la Uhuru la tarehe 28 Oktoba 1835, He Whakaputanga, limeandikwa kwa Kimaori na linasema Nu Tireni. Mkataba wa Waitangi wa tarehe 6 Februari 1840, kati ya machifu na Waingereza, nakala ya Kimaori, unasema Nu Tirani. Yaani machifu wenyewe waliweka sahihi chini ya New Zealand iliyotamkwa Kimaori. Aotearoa haimo kwenye hati hizo mbili. Sasa tunarejesha nini?

#4 Bi_Lahaja

Kifaru, ulichosema kuhusu hati ni sahihi, ila hitimisho ndilo linaloruka hatua.

Kabla ya meli za Wazungu Wamaori hawakuwa na sababu ya jina moja la visiwa vyote, kwa kuwa hapakuwa na dola moja. Kila iwi, yaani kabila, ilikuwa na nchi yake, na visiwa vilikuwa na majina yake: cha kaskazini Te Ika-a-Māui, samaki wa Māui, cha kusini Te Waipounamu, kwa ajili ya pounamu, lile jiwe la kijani, na kile kidogo cha chini kabisa, Rakiura. Aotearoa limo kwenye masimulizi ya Kupe, baharia wa kale, ambapo mkewe aliona wingu refu jeupe juu ya upeo wa macho wakajua kuna nchi. Wengi wanaolifuatilia wanakubali kwamba lilipotumika zamani lilielekea zaidi kisiwa cha kaskazini. Kuna hata Aotea, kisiwa ambacho Waingereza wanakiita Great Barrier, nje ya Auckland.

Karne ya 19 ndipo linapoanza kupanuka, na hapo Wamaori hawakuwa watazamaji. Mwaka 1878 jaji Thomas Henry Smith alitafsiri wimbo ambao sasa ni wa taifa, na toleo hilo la Kimaori linaitwa Aotearoa. Miaka ya 1880 watu wa Mfalme Tāwhiao wa Waikato walifungua benki yao wenyewe, Te Peeke o Aotearoa, wakatoa hadi noti. Mwaka 1898 William Pember Reeves akachapisha kitabu cha historia kilichobeba jina hilo, na kwa wasomaji wa Kiingereza hicho ndicho kilicholieneza. Kwa hiyo si kweli kwamba ni uzushi wa Wazungu peke yao, na si kweli pia kwamba ni jina la nchi nzima tangu enzi na enzi. Ni jina la Kimaori lililokua, na lilikua haraka.

Niongeze dogo: sisi Waswahili tunalisoma vizuri kuliko Mwingereza. Vokali ni zile zile tano zetu, a-o-te-a-ro-a, wala halina mstari juu ya herufi yoyote.

#5 Mwanaramani

Asante dada, umeweka sawa. Sasa mchukue hilo mpeleke kusini, mtaona ugumu ninaousema.

Te Waipounamu kwa sehemu kubwa ni nchi ya iwi ya Ngāi Tahu. Baadhi ya wazee na wasomi wao wamekuwa wakisema wazi kwamba Aotearoa ni jina la kaskazini, na kuwabandika wao jina hilo ni kuwafunika mara ya pili. Ndiyo maana kwenye shughuli nyingi utasikia msemaji akisema "Aotearoa me Te Waipounamu", yaani Aotearoa pamoja na Te Waipounamu. Hiyo si mbwembwe, ni msimamo.

Mkibadilisha jina bila kupita kwa Ngāi Tahu, mnakuwa mmerudia kosa lile lile la kuita nchi ya mtu kwa jina la kwenu.

#6 Kifaru_Mweupe

Hapo tumekutana. Kama wenyewe hawajaafikiana, Bunge linaingilia nini?

#7 Bi_Lahaja

Wenyewe ni wengi, Kifaru, kama sisi tulivyo wengi. Iwi ya kaskazini na iwi ya kusini kutofautiana haina maana kwamba suala life. Majina ya visiwa vyenyewe yaliwahi kupatiwa ufumbuzi mzuri. Mwaka 2009 Bodi ya Jiografia iligundua kwamba North Island na South Island hayajawahi hata mara moja kupitishwa rasmi, licha ya kuandikwa kwenye ramani miaka nenda rudi. Baada ya maoni ya wananchi, Oktoba 2013 yakapitishwa kwa jozi: North Island au Te Ika-a-Māui, South Island au Te Waipounamu. Mtu anatumia lolote kati ya hayo mawili, au yote mawili kwa pamoja. Hakuna aliyelazimishwa.

#8 SheriaKwanza

Mleta mada kasema kisheria ni kazi ndogo. Nakubali kwa sehemu, ngoja niwaonyeshe njia yenyewe.

New Zealand haina katiba iliyoandikwa kwenye kitabu kimoja chenye ulinzi wa theluthi mbili kama yetu. Vifungu vichache vya Sheria ya Uchaguzi ya 1993 ndivyo vinavyohitaji asilimia 75 ya wabunge au kura ya maoni, na jina la nchi halimo humo. Kwa hiyo muswada wa kubadilisha jina unapita kwa wingi wa kawaida: unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kamati teule ambako wananchi hutoa maoni kwa kawaida ndani ya miezi sita, unasomwa mara ya pili, kamati ya Bunge zima, mara ya tatu, kisha kibali cha Kifalme kupitia Gavana Mkuu.

Ukija kama muswada wa serikali unaingia moja kwa moja. Ukija kama muswada wa mbunge binafsi unasubiri bahati nasibu, na hapa kuna jambo la kufurahisha: vibao vyenye namba za miswada huchanganywa ndani ya kopo la zamani la biskuti, na anayechota hachungulii. Muswada unaweza kukaa miaka bila namba yake kutoka. Njia ya kuliruka kopo ipo tangu 2020: ukipata uungwaji mkono wa wabunge 61 wasio kwenye serikali, muswada unaingizwa bila kuchotwa.

Ndani ya muswada, kazi kubwa inafanywa na kifungu kimoja: "popote palipoandikwa New Zealand katika sheria, mkataba au hati, pasomeke Aotearoa." Hakuna haja ya kufungua sheria moja moja. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Utungaji wa Sheria ya 2019 ndicho kinachoeleza neno New Zealand linabeba eneo gani, hicho kitarekebishwa. Sheria ya Vyeo vya Kifalme ya 1974, inayomtaja mfalme kuwa ni wa New Zealand, nayo itaguswa.

Panapokwama ni kwenye milki. Kisheria kuna New Zealand ile ya visiwa vikuu, halafu kuna Milki ya New Zealand ambayo inazijumuisha Cook Islands, Niue, Tokelau na eneo lao la Antaktika. Nitarudi kwenye hilo mtu akiliuliza, maana ndilo linalosahaulika.

#9 DotiNz

Upande wa mifumo, watu wanaogopa bure.

Kwanza Umoja wa Mataifa. Hakuna kura. Serikali inamwandikia Katibu Mkuu, jina linabadilishwa kwenye orodha, basi. Uturuki ilifanya hivyo Juni 2022 ikawa Türkiye. Eswatini 2018 vivyo hivyo, baada ya Mfalme Mswati III kutangaza tarehe 19 Aprili kwenye sherehe za miaka 50 ya uhuru. Kitakachobadilika kwa macho ni kiti: orodha hufuata alfabeti ya Kiingereza, kwa hiyo ujumbe wao utatoka katikati ya Uholanzi na Nicaragua uende kukaa baina ya Antigua na Barbuda na Argentina.

Pili misimbo ya ISO 3166, yaani vifupisho vya kimataifa vya majina ya nchi. NZ, NZL na 554 havibadiliki vyenyewe jina linapobadilika. Eswatini bado ni SZ na SWZ. Uturuki bado TR. Masedonia Kaskazini ilibaki MK na MKD kwa maandishi kabisa ndani ya Mkataba wa Prespa wa 2018 na Ugiriki, isipokuwa vibao vya magari ndivyo vilivyobadilishwa. Hata wangetaka herufi mpya wangekwama: AO ni Angola, AT ni Austria, AR ni Argentina, AE ni Falme za Kiarabu. Zilizo nzuri zote zina wenyewe.

Msimbo ukibaki, kikoa cha tovuti .nz kinabaki. Msimbo ukiondolewa ndipo balaa linaanza, kwa sababu kikoa cha nchi hufuata orodha ya ISO. Zaire ilipokuwa tena Kongo 1997, ZR ikawa CD, na .zr ikafutwa kabisa 2001. Yugoslavia, .yu, ilifutwa 2010 na kila tovuti iliyokuwa haijahama ikapotea. Kwa hiyo ushauri wa fundi yeyote ungekuwa huo: badilisheni jina, misimbo msiiguse.

Vingine: simu +64 ni ya shirika la mawasiliano la kimataifa na haina uhusiano na jina. Ndege zina alama ya ZK, ambayo tayari haifanani na New Zealand wala Aotearoa. Dola itabaki NZD hadi waombe vingine. Kongo ilibadilisha jina mara mbili na simu ni +243 ile ile, ndege ni 9Q zile zile.

#10 Kifaru_Mweupe

Haya, na pasipoti? Noti? Vibao vya ofisi? Usiniambie ni bure.

#11 DotiNz

Bure hakuna, ila tofautisha gharama ya kubadilisha na gharama ya kubadilisha *kwa haraka*.

Pasipoti ya New Zealand tayari ina Aotearoa juu ya jalada. Toleo jipya lililoanza 2021 liliweka Kimaori juu na Kiingereza chini. Julai 2025 serikali ya sasa ikatangaza kuvigeuza, Kiingereza kiwe juu, lakini ikasema zoezi litafanyika akiba ya vitabu vilivyopo ikiisha, mwisho wa 2027. Mmeona mbinu? Unasubiri akiba iishe. Zile zilizo mikononi mwa watu zinaendelea mpaka tarehe zake, maana mashine ya uwanja wa ndege haisomi jalada. Inasoma mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, na pale pameandikwa NZL.

Noti nazo: toleo la saba, lililotoka 2015 na 2016, lina neno Aotearoa. Hakuna noti ya kuchomwa moto.

Masedonia Kaskazini walijiwekea miaka mitano ya kubadilisha hati zinazotumika nje, na pasipoti zenye jina la zamani zikakoma Februari 2024. Wale walikuwa na shinikizo la mkataba na Ugiriki. New Zealand haina shinikizo hilo, inaweza kujipa kumi. Gharama inapanda ukiamua kila kibao kibadilishwe siku ya uzinduzi ili waziri apigwe picha.

#12 Jabali_la_Pwani

Niulize wanaosema nchi haiwezi kubadilisha jina bila mtikisiko: sisi tulifanyaje? Tarehe 26 Aprili 1964 tulikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kutangaza jina, na Umoja wa Mataifa ukaandika Tanzania kuanzia tarehe 1 Novemba 1964. Kifungu cha "pasomeke" anachokisema SheriaKwanza ndicho hicho hicho.

Na majina ya zamani hayakufa kwa amri. TANU iliendelea kubeba Tanganyika kwenye jina lake mpaka CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977. Ziwa liko pale pale.

#13 SheriaKwanza

Mfano mzuri Jabali, ila una tofauti mbili. Mwaka 1964 orodha ya misimbo ya ISO haikuwepo, toleo lake la kwanza ni la 1974, hivyo hatukuwa na kikoa wala mashine za pasipoti za kuwaza. Na pili, lile lilikuwa jina jipya la dola mpya, hapakuwa na nusu ya nchi inayosema "hilo ni jina la wale wa ng'ambo." Sri Lanka ingefaa zaidi: iliacha Ceylon 1972, lakini taasisi za serikali zikabaki na Ceylon kwenye majina yao hadi serikali ilipoamua 2011 kuyaondoa. Chai ni Ceylon mpaka kesho, kwa sababu jina linauza.

Hilo la biashara lina uzito New Zealand pia. Nyama, maziwa na mvinyo vinauzwa nje kwa jina hilo. Lakini kampuni binafsi haitalazimishwa na sheria ya jina la nchi kubadilisha chapa yake. Lebo ya "imetengenezwa wapi" ndiyo itakayohitaji kipindi ambacho majina yote mawili yanakubalika forodhani, na hilo linapangwa na nchi zinazonunua kabla ya siku ya kuanza, siyo baada. Kontena likishafika bandarini na lebo ambayo mfumo wa forodha hauitambui, maelezo ya historia ya Kupe hayatalitoa.

#14 Dira_na_Tanga

Nirudi kwenye ile nusu ya pili ya ombi, majina ya mahali, maana huko ndiko kwenye mazoezi ya kweli.

Bodi ya Jiografia, Ngā Pou Taunaha o Aotearoa, inafanya kazi chini ya sheria ya 2008. Mtu yeyote anaweza kupeleka pendekezo. Bodi inachunguza historia, inazungumza na iwi ya mahali na halmashauri, inatangaza na kupokea maoni. Kusipokuwa na pingamizi inaamua yenyewe. Pingamizi likiwepo na Bodi isilikubali, uamuzi wa mwisho ni wa Waziri wa Taarifa za Ardhi. Kisha jina linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Njia nyingine ni sheria za fidia za Mkataba wa Waitangi: ile ya Ngāi Tahu ya 1998 ilileta majina ya jozi kwa mpigo, kama Aoraki/Mount Cook, ambalo Kimaori kinatangulia.

Angalieni Whanganui, mji wa magharibi ya kisiwa cha kaskazini. Walowezi waliuita Petre, mwaka 1854 ukawa Wanganui, bila h. Kwa lahaja ya watu wa mto ule, wh haitamkwi f kama kwingine, ni w yenye mkato wa koo, na Mzungu aliyeandika alisikia w tupu. Iwi wakaomba h irudi. Bodi ikakubali 2009. Wakazi wengi wakapinga kwa kura ya mji. Waziri Maurice Williamson akaamua kwamba namna zote mbili ni sahihi, na ofisi za serikali zitumie yenye h. Ilipofika 2015 jina la wilaya likawa Whanganui, yenye h. Herufi moja, miaka sita, na katikati watu wametukanana vya kutosha.

Mlima Taranaki vivyo hivyo. Cook aliupa jina Egmont 1770. 1986 yakaruhusiwa yote mawili. Januari 2025 sheria ikapita, jina rasmi ni Taranaki Maunga pekee na Egmont limetoka. Karibu miaka arobaini ya kuishi na majina mawili.

Ndiyo maana lile lengo la kurejesha yote ifikapo 2026 halikuwa na njia ya kulifikia. Auckland ni Tāmaki Makaurau, hapo pana maelewano. Wellington je? Kuna Te Whanganui-a-Tara na kuna Pōneke, na yote yanatumika. Bodi ingelazimika kuchagua, na kila uchaguzi una mwenye kununa.

#15 Mnazi_Mkavu

Siasa zimekaaje kwa sasa? Nasikia hata kulitamka bungeni ni ugomvi.

#16 Bi_Lahaja

Ilikuwa ugomvi mapema 2025. Winston Peters wa New Zealand First alilalamika mbunge wa chama cha Green, Ricardo Menéndez March, kutumia Aotearoa kwenye swali. Tarehe 4 Machi Spika Gerry Brownlee akatoa uamuzi: jina hilo linatumika na Bodi ya Jiografia, liko kwenye pasipoti na kwenye fedha, wabunge huzungumza lugha rasmi wanayoitaka, na hatapokea tena lalamiko juu yake. Kimaori ni lugha rasmi tangu sheria ya 1987. Brownlee ni wa National, chama kinachoongoza serikali, si mwanaharakati.

Serikali hiyo hiyo iliingia madarakani mwishoni mwa 2023 kwa makubaliano kwamba idara za umma zitangulize jina la Kiingereza, isipokuwa zile zinazohusu Wamaori moja kwa moja. Wakala wa Usafiri ukageuzwa kutoka Waka Kotahi NZ Transport Agency kuwa NZ Transport Agency Waka Kotahi. Maneno yale yale, mpangilio umepinduliwa. Waliopiga kelele za gharama hawakusikika siku hiyo.

Uchunguzi wa maoni wa kituo cha habari cha 1News: Septemba 2021, asilimia 58 walitaka New Zealand ibaki, 31 Aotearoa New Zealand, 9 Aotearoa peke yake. Januari 2023 ikawa 52, 36 na 10.

#17 Kifaru_Mweupe

Takwimu hizo ndizo hoja yangu. Pelekeni kwa wananchi. Mtakataliwa, mjadala uishe.

#18 Mwanaramani

Kifaru, soma tena. Ukijumlisha wanaotaka Aotearoa iwemo, peke yake au kwa pamoja, 2023 ni 46 dhidi ya 52. Na mwenendo unapanda. Ningekuwa upande wako nisingelikimbilia sanduku la kura nikidhani ni salama.

Ila mimi pia siipendi kura ya maoni hapa, kwa sababu mbili. Kwa sensa ya 2023 Wamaori ni asilimia 17.8 ya watu. Kuuliza walio wengi iwapo jina la walio wachache litambuliwe ni swali ambalo jibu lake linategemea idadi kuliko hoja. Na ya pili ni bendera. Mwaka 2015 na 2016 walifanya kura mbili kwa posta: ya kwanza kuchagua mchoro mmoja kati ya mitano, kwa kupanga chaguo la kwanza hadi la mwisho, ya pili kuushindanisha na bendera iliyopo. Zilitengwa karibu dola milioni 26. Bendera ya zamani ikashinda kwa karibu asilimia 57. Sehemu ya tatizo ilikuwa mpangilio: waliotaka mabadiliko lakini hawakuupenda mchoro ulioshinda raundi ya kwanza walirudi kupigia ya zamani.

Kwenye jina itakuwa vivyo hivyo. Ukiweka Aotearoa dhidi ya New Zealand tupu, wale 36 wa katikati unawagawa na wengi wanarudi walikotoka. Ukiweka chaguo tatu kwa alama ya vema moja, New Zealand inashinda hata isipofika nusu. Kama ni lazima ipigwe, iwe kura moja, chaguo tatu, za kupangwa 1, 2, 3.

#19 Bi_Lahaja

Nakuunga mkono kwenye mpangilio. Na chaguo la pamoja lina faida nyingine: Ngāi Tahu wanaokataa Aotearoa itawale peke yake wanapata nafasi ya kupumua, ingawa haliwamalizii. Mimi ningependekeza kabla ya muswada kuwe na mkutano wa iwi zote, kusini wakiwa wenyeji, waamue wao kama Aotearoa inawabeba. Serikali igharamie usafiri na iondoke chumbani.

#20 Mnazi_Mkavu

SheriaKwanza, uliahidi habari ya Milki. Cook Islands inaingiaje?

#21 SheriaKwanza

Cook Islands na Niue zinajitawala, lakini watu wake ni raia wa New Zealand na wanatumia pasipoti hiyo hiyo. Katiba ya Cook Islands inamtaja mkuu wa nchi kuwa ni mfalme "kwa haki ya New Zealand". Maneno hayo yako ndani ya katiba yao, si sheria ya Wellington, na kifungu cha "pasomeke" cha Bunge la Wellington hakiwezi kuingia humo. Tokelau hali ni tofauti kidogo kwa kuwa bado iko chini ya usimamizi wa New Zealand.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza: badilisha jina la nchi, acha jina la Milki lilivyo. Hati ya Kifalme ya 1983 inayounda ofisi ya Gavana Mkuu haiguswi, Cook Islands na Niue hawafanyi chochote. Inaleta sura ya ajabu, nchi inaitwa Aotearoa ndani ya Milki ya New Zealand, ila kisheria inasimama. Ya pili: badilisha vyote, lakini kwanza omba Cook Islands na Niue wapitishe marekebisho yao kwa utaratibu wa katiba zao, kisha sheria zote zianze siku moja. Kwenye muswada unaandika kwamba kifungu kinachohusu Milki kitaanza kutumika kwa tangazo la Gavana Mkuu, bila kutaja tarehe, ili asiwepo wa kuwaharakisha wengine.

Ningeandika rasimu kwa njia ya kwanza, na kifungu cha Milki nikakiacha kikisubiri.